Mkabidhi Mkasi: Kumlea Kijana Kikazi Ukishavuka Miaka Arobaini

Nilipofika miaka 44 uzi ulianza kunikataa. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu, ghorofa ya pili, River Road, Nairobi, mwanga wa dirishani mzuri kabisa, na tundu la sindano silioni. Nikalamba ncha ya uzi, nikaikaza kwa vidole, nikajaribu mara tano. Kijana aliyekuwa akipiga pasi aliinuka bila kuitwa, akauchukua uzi, akautia mara moja, akarudi kwenye pasi yake. Hakusema neno.

Miwani nilinunua wiki iliyofuata. Hilo ni jambo la kawaida. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri miaka inavyosonga, na wengi wetu huanza kusogeza maandishi mbali na uso tukishapita arobaini. Kilichonisumbua ni yule kijana. Alikuwa na zaidi ya mwaka kwangu, na kazi alizoweza kufanya peke yake zilikuwa mbili: kupiga pasi na kushona vifungo. Macho yake yalikuwa mazima na mikono yake ilikuwa tayari. Mimi ndiye niliyemweka pale alipokuwa.

Tangu hapo nimelea watatu. Haya ninayoandika ni kwa mtu wa rika langu aliye na kazi anayoijua vizuri, awe muuguzi, karani, mwalimu, mekanika wa Kirinyaga Road au mama wa duka. Mifano itatoka kwenye ushonaji kwa sababu ndiko nilikokulia.

Hatua ya kwanza: andika unachokijua

Binti yangu alisoma saikolojia, naye ndiye aliyenieleza habari za Erik Erikson, ambaye mwaka 1950 alichapisha maelezo yake kuhusu ngazi nane za maisha ya binadamu. Ngazi ya saba ndiyo ya makamo. Alisema mtu wa umri huo ama anaanza kuhangaikia kizazi kinachomfuata, ama anadumaa. Nililielewa neno hilo kudumaa mara moja. Nilikuwa nimeshaanza kulihisi: kila suti inafanana na ya jana, kila mteja ananichosha.

Chukua daftari. Kwa juma zima, kila jioni kabla ya kufunga, andika mambo uliyoyafanya siku hiyo bila kuyawaza. Usiandike yanayofundishwa chuoni. Andika yale ambayo mikono na macho yako yameyaokota njiani. Mimi nilipata kurasa tatu. Kujua mteja ameongezeka mwili kabla hata sijashika tepu, kwa namna anavyoivuta blauzi aliyovaa. Kuloweka pamba kabla ya kuikata, maana ikifuliwa baadaye hurudi na nguo ikawa fupi. Kujua duka lipi la Biashara Street litaniachia jora kwa neno langu tu nilipe Ijumaa, na lipi halitaniachia hata mita moja. Kumpokea mtu aliyekuja kushonesha nguo za mazishi: umkalishe kwanza, umpe maji, habari ya bei ije mwisho.

Usiposhika kalamu utadhani huna cha kumpa mtu. Au utadhani una hekima nyingi, halafu ukifungua mdomo zitoke hotuba. Daftari linakuzuia pande zote mbili.

Hatua ya pili: chagua mmoja

Mmoja tu. Nimeona watu wazima wa kanisa langu wakijitolea kuwa walezi wa vijana ishirini kwa mkupuo; baada ya miezi miwili hawawajui hata majina.

Kuhusu umri, nilijifunza jambo kwa jirani yangu Mmaasai anayeuza viatu vya ngozi kwenye korido yetu. Kwao rika jipya la moran halilelewi na rika lililo juu yake moja kwa moja. Hulelewa na rika la pili juu yake, wazee ambao uhusiano wao na vijana hao huitwa olpiron, jina la kijiti cha kupekechea moto. Wao ndio huwawashia vijana moto wa rika lao. Alipoulizwa kwa nini warukwe wale wa katikati, jibu lake lilikuwa fupi: hao bado wanashindania nafasi ileile. Tangu siku hiyo nimeacha kulazimisha wasaidizi wangu wa miaka 35 wawafundishe wa miaka 20. Mara nyingi wanawaficha mambo, nami sasa naelewa sababu. Sisi wa miaka hamsini ndio tusio na cha kupoteza.

Usimchague kwa ulimi. Mpe kazi inayochosha, kama kufumua mishono ya gunia zima la mitumba ya soko la Gikomba, kisha mtazame saa ya tatu ya kazi hiyo. Anayefaa si lazima awe mwenye kasi. Ni yule anayeinua kipande na kuuliza, "Fundi, mbona huyu alishona hapa mara mbili?" Huyo mshike.

Ndugu wa damu, kama inawezekana, mpeleke kwa fundi mwingine, nawe umchukue wa kwake. Mtoto wa kaka yako hawezi kukusikia kama fundi. Atakusikia kama shangazi, na siku ukimkosoa simu itapigwa nyumbani.

Halafu neno hili nalisema wazi kwa sababu nimeona vijana wakiumizwa: mlango ubaki wazi. Mafunzo yafanyike saa za kazi, mahali watu wanapopita. Usimkopeshe pesa kisha ukamshika kwa deni. Usimwite nyumbani peke yake usiku kwa kisingizio cha kazi. Mtu mzima anayemtaka kimapenzi kijana anayemfundisha hajawa mlezi, na akiwa rafiki yako ni wajibu wako kumwambia hivyo usoni.

Hatua ya tatu: masharti yasemwe siku ya kwanza

Nilijifunza kushona miaka ya tisini kwenye karakana moja hapa mjini ambayo sitaitaja. Mama alilipa ada. Kwa mwaka mzima nilitumwa chai, nilifagia vipande, nilipeleka nguo kwa wateja kwa miguu. Fundi wetu alipotaka kukata kitambaa alituma kila mtu nje, na tuliporudi vipande vilikuwa tayari mezani. Mkasi mkubwa ulifungiwa kwenye droo. Kukata ndiko kunakomfanya mtu kuwa fundi, naye alijua siku tutakayojua kukata hatutamhitaji.

Nilijifunza kukata kwa kununua makoti makuukuu Gikomba. Nikayafumua mshono kwa mshono chumbani kwetu, nikatandaza kila kipande juu ya gazeti na kukizungushia kalamu. Ilinichukua miaka miwili kujua ambacho kingesemwa kwa juma moja. Sijaacha kusikitikia miaka ile miwili.

Kwa hiyo keti na kijana wako, muandike kwenye ukurasa mmoja mambo haya: siku za kuja na saa, nani analipa nauli na chakula cha mchana, kazi zipi za mkono atafanya na kwa muda gani, lini ataanza kugusa kazi yenyewe, na kazi yake ikiuzwa, atapata kiasi gani. Kila mmoja atie sahihi. Mimi hutoa nauli na chakula tangu siku ya kwanza, na kuanzia mwezi wa nne anapata sehemu ya kila nguo aliyoishona. Kijana anayetembea kutoka Mathare hadi mjini akiwa na njaa hatasikia chochote utakachomwambia saa tano asubuhi. Wekeni pia tarehe ya kukaa tena, mwisho wa mwezi wa sita, kila mmoja aseme kama anataka kuendelea.

Kutumwa chai si vibaya. Kila mmoja wetu anaweza kwenda kuleta chai, nami pia huenda. Kikwazo ni kutumwa chai wakati wa kukata.

Hatua ya nne: fanya kazi ukisema

Hii haina maneno mengi. Unapofanya kazi, sema unachofanya na sababu yake, kwa sauti ya kawaida, hata kama anaonekana hasikilizi. "Hapa naacha inchi moja zaidi, huyu mama ni mjamzito na hajasema." "Huyu naomba malipo ya awali yote, mara ya mwisho alinizungusha." Sababu ndizo anazokosa mtu anayetazama tu mikono.

Hatua ya tano: mkabidhi mkasi

Kila kazi ina mkasi wake. Kwa muuguzi ni sindano ya kwanza kwenye mshipa wa mgonjwa halisi. Kwa karani ni barua inayotoka kwa jina la ofisi. Kwa mekanika ni injini iliyofunguliwa. Ni pale uamuzi ukishafanywa haurudi nyuma, na ndipo wengi wetu tunaposema "ngoja, acha nifanye mimi". Ukimfundisha kijana kila kitu ukabaki na hicho kimoja, hujamfundisha.

Lakini haukabidhiwi kwa papara. Ninavyofanya mimi ni hivi. Wiki za kwanza anakata magazeti, kwa mkasi mzito uleule wa kazi, sio mdogo wa karatasi, ili kidole gumba kizoee. Kisha shuka kuukuu za mitumba. Kisha sare za shule, kwa kuwa kitambaa chake si ghali sana na kinatulia mezani. Kisha nguo yangu mwenyewe. Nampa kitambaa nilichojinunulia na namwambia nitaivaa hata ikitoka vipi, na huivaa kweli. Mwisho kabisa kitambaa cha mteja.

Kabla ya siku hiyo piga hesabu moja kichwani: akiharibu, nitapoteza kiasi gani, na je, nitaweza kukilipa bila kumchukia? Kama jibu ni hapana, usimpe kazi hiyo. Mpe ndogo zaidi. Hasira nyingi za walezi hutokana na kumpa mtu kosa ambalo mfuko wao hauwezi kulibeba.

Nakumbuka siku ya yule kijana wa pasi. Ilikuwa suruali ya mzee mmoja, kitambaa cha kijivu. Aliipiga chaki, akaipima, akaipima tena, akaupanua mkasi juu ya ukingo wa kitambaa na kubaki hivyo. Matatu zilipiga honi chini, mtu akapita koridoni akiuza karanga, mkasi bado wazi. Mikono yangu ilikuwa inawasha. Niliiweka nyuma ya mgongo na kushika mkono mmoja kwa mwingine. Hatimaye akauliza, "Mama, nikate?" Nikamuuliza, "Wewe unaonaje?" Akatazama mstari tena, akasogeza tepu, akagundua hakuacha nafasi ya pindo la chini. Akafuta chaki, akachora upya. Kisha akakata, moja kwa moja, bila kusimama katikati.

Ningefungua mdomo sekunde kumi mapema, lile pindo ningeliona mimi.

Hatua ya sita: kosa litakapokuja

Litakuja. Miezi miwili baadaye kijana yuleyule alikata koti la mteja likatoka na mikono miwili ya kushoto. Si uzembe. Kwa kawaida tunakunja kitambaa na kukata mikono yote miwili kwa pamoja, na hapo kimoja huwa cha kulia na kingine cha kushoto chenyewe. Siku hiyo kitambaa kilichobaki kilikuwa na upana mdogo, hakikunjiki, akakata mmoja baada ya mwingine kwa karatasi ileile bila kuigeuza. Aliligundua alipoanza kuunganisha. Alikuja amebeba vile vipande kama mtu aliyebeba ndege aliyekufa.

Niliyofanya, kwa mpangilio. Nilimwambia akae. Nilimuuliza maswali matatu, na sikuongeza la nne: kumetokea nini, kulitokea vipi, tunafanyaje sasa? Alijibu yote matatu mwenyewe, na swali la pili likamchukua muda mrefu, akigeuza ile karatasi ya kukatia huku na huku hadi akaona. Kisha nikampigia mteja mimi mwenyewe. Nilisema koti litachelewa siku tatu na kosa ni la duka langu. Sikutaja jina la mtu. Kijana alikuwa amesimama hapo akisikia, na nilitaka asikie.

Gharama tuligawana hivi: kitambaa nilinunua mimi, kazi ya kufumua na kushona upya akaifanya yeye Jumamosi bila malipo. Tulikwenda pamoja Biashara Street na kipande mkononi, tukaomba kukiona nje kwenye jua, kwa sababu rangi ileile kutoka jora tofauti hutofautiana kidogo na taa za dukani huficha. Hapo alijifunza jambo ambalo halikuwa kwenye daftari langu hata.

Usimkosoe mbele ya mteja. Usimkosoe mbele ya vijana wenzake. Usirudie kosa hilo mwaka ujao kama hadithi ya kuchekesha wageni. Lakini pia usilipuuze ukasema "si kitu". Ni kitu, koti la mtu limeharibika. Kijana anayeambiwa kila kazi yake ni nzuri anajua anadanganywa, na ataanza kutafuta ukweli kwingine.

Hatua ya saba: jifunze kwake

Mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonyesha wateja wazee namna ya kutuma. Sasa zamu imegeuka. Kijana wangu wa pili ndiye aliyenifundisha kupiga picha za nguo karibu na dirisha na kuziweka mtandaoni, na wateja wa nje ya Nairobi wakaanza kuja. Muulize waziwazi, umshukuru waziwazi. Anapokufundisha anakuona ukishindwa, na baada ya hapo haogopi tena kushindwa mbele yako.

Hatua ya nane: mtangulie mlangoni

Ujuzi peke yake haumlishi mtu Nairobi. Jina ndilo linalomlisha. Mpeleke kwa wauzaji wako wa jumla, umtambulishe kwa jina lake kamili, useme, "Huyu ni fundi, akija bila mimi mhudumie kama mimi." Maneno hayo yanakugharimu, maana akikopa asilipe umechafuka. Ndiyo maana yana thamani.

Kisha karatasi. Aliyejifunzia kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali chini ya NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, yenye makao yake Commercial Street, Industrial Area. Mitihani huanzia daraja la tatu, la pili, hadi la kwanza. Mpeleke mwenyewe mkaulize tarehe na ada. Wengi huahirisha kwa sababu ya woga wa ofisi tu. Cheti hicho kitamsaidia akienda kuomba kazi kwenye kiwanda.

Na ajue haki zake. Kwa Katiba ya 2010, kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35, kwa hiyo muda unamkimbia. Kuna Hazina ya Vijana, iliyoanzishwa 2006, inayotoa mikopo ya biashara. Pia asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na sare ni miongoni mwa vitu ambavyo taasisi za umma hununua. Keti naye mjaze fomu za kusajili biashara pamoja. Ni kazi ya jioni mbili.

Hatua ya tisa: mwache aende

Kijana wa pasi alikaa kwangu miaka mitatu na miezi. Siku aliponiambia amepata kibanda jengo la pili kutoka letu, sikulala vizuri. Alijua wateja wangu wote. Niliwaza nimwombe ahamie mtaa mwingine, Umoja au Kayole, na nashukuru sikuomba. Wateja wanne walimfuata. Wanne kati ya mamia.

Siku ya kuondoka mpe vitu vya kushikika. Mimi nilimpa nakala za karatasi zangu za kukatia, orodha ya namba za wauzaji, na mkasi niliomfundishia. Nilinunua mwingine Kamukunji. Miezi mitatu ya kwanza usiende kwake kukagua. Akipiga simu kuuliza, mrudishie swali lilelile, wewe unaonaje, kisha ukisha kumsikia mpe maoni yako kama fundi mwenzako.

Nilipita kwake Februari kununua zipu zilizoniishia. Kulikuwa na wanaume wawili, wana wa marehemu, wamekuja na suti ya baba yao ya kupunguzwa kabla ya kuvalishwa. Kijana aliwavutia viti, akamtuma msichana anayemsaidia alete maji. Akaipokea suti kwa mikono miwili, akaitandaza mezani, akaanza kuuliza mazishi ni lini na ni wapi. Nilisubiri nje hadi walipoondoka. Sikusikia akitaja bei.

Baada ya mmoja kuondoka, pumzika miezi miwili au mitatu kabla ya kuchukua mwingine. Tumia muda huo kulisoma tena daftari lako, ufute yale uliyogundua si kweli, na uongeze mapya.